Mzigo wa Mwenzio: Historia ya Daktari Bingwa katika Chumba cha Dharura nchini Uganda

Utangulizi

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii nilifundishwa chuoni katika somo la fasihi simulizi, lakini niligundua baadaye kwamba nilikuwa nimeitenda kabla ya kuijua.

Mwezi Desemba mwaka 2018 nilikuwa kidato cha tatu. Kaka yangu, ambaye alikuwa akiendesha boda boda kwenye barabara kuu ya Jinja, aligongwa na gari dogo akaangukia kichwa. Hapakuwa na ambulensi. Waendeshaji wenzake walimlaza kwenye kiti cha nyuma cha teksi, wakamfikisha katika hospitali moja kubwa ya serikali yapata saa mbili usiku. Tulingoja. Muuguzi alitwambia kwamba daktari bingwa wa upasuaji ni mmoja usiku ule na yumo katika chumba cha upasuaji. Kaka aliingizwa huko saa tisa usiku. Aliishi, lakini mkono wake wa kulia haukurudi kama zamani, na pikipiki hakuiendesha tena.

Wiki mbili baadaye mama aliniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Andika." Nikaandika barua ya malalamiko kwa uongozi wa hospitali. Katika barua ile kulikuwa na sentensi niliyojivunia sana: "Tulimkuta daktari amelala kwenye benchi." Sentensi hiyo ilikuwa kweli. Nitairudia mwishoni mwa insha hii, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niiandike.

Katika insha hii ninajaribu kujibu swali moja: kwa nini daktari bingwa katika chumba cha dharura cha hospitali ya umma Uganda anabeba mzigo anaoubeba? Jibu la kawaida ni kwamba madaktari ni wachache. Jibu hilo ni sahihi, ila halielezi chochote, kama vile kusema mtu ana njaa kwa sababu hajala. Hoja yangu ni kwamba mzigo huu una historia. Kila zama iliyopita iliongeza watu mlangoni mwa hospitali, au iliwaondoa wale waliokuwa ndani, na kila mara pengo lililobaki lilizibwa kwa mwili wa yule aliyekuwa zamu. Katika safari hiyo nitatumia maneno matatu ya Kiswahili ambayo yamebaki vinywani mwa Waganda, hata wasiopenda kuzungumza Kiswahili: magendo, panda gari na boda boda. Kila neno ni kumbukumbu ya zama zake, na kila moja lina mlango wake hospitalini.

Chumba kilichojengwa kama mlango

Tiba ya hospitali nchini Uganda kwa kawaida huanzishwa na Albert Cook, daktari mmisionari aliyefika mwaka 1897 na kufungua hospitali ya Mengo. Mulago, ambayo leo ndiyo hospitali kuu ya taifa, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Mafunzo ya utabibu Makerere yalianza katika miaka ya 1920, na kwa muda mrefu Makerere ndiyo iliyowafundisha madaktari wa Afrika Mashariki yote, hadi Dar es Salaam ilipoanzisha chuo chake cha utabibu mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967. Hospitali mpya ya Mulago ilifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru, nayo ilihesabiwa miongoni mwa hospitali bora za bara hili.

Hospitali hizi zilifuata utaratibu wa Kiingereza. Katika utaratibu huo, chumba tulichozoea kukiita kasualti hakikuwa idara yenye mabwana wake. Kilikuwa mlango wa kuingilia wodini. Aliyesimama hapo alikuwa muuguzi pamoja na daktari kijana ambaye ndiyo kwanza amemaliza masomo. Bingwa alikuwa mtu wa wodi na chumba cha upasuaji. Kasualti aliitwa tu, tena kutoka nyumbani. Madaktari wa upasuaji waligawanywa katika vikosi, na kila kikosi kilikuwa na siku yake ya kupokea majeruhi. Aliyepokea Jumatatu ndiye aliyewapasua Jumatatu usiku, akawapitia wodini Jumanne asubuhi, akawafundisha wanafunzi mbele ya vitanda hivyo hivyo, kisha akaenda kliniki.

Utaratibu huu haukuwa upuuzi wakati wake. Kwa mji mdogo wenye magari machache, kumwita bingwa mara moja au mbili kwa usiku kuliwezekana. Kwa mujibu wa sensa ya 1969, Uganda nzima ilikuwa na watu wapatao milioni 9.5. Sensa ya 2024 ilihesabu karibu milioni 46. Jambo la kuangalia ni kwamba utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya watu milioni tisa na nusu ulibaki ukifanya kazi kwa watu karibu mara tano yao.

Waingereza wenyewe walianza kuuacha mapema. Mwaka 1952 Maurice Ellis aliajiriwa Leeds kuwa daktari bingwa wa kasualti wa kudumu. Mwaka 1962, mwaka ule ule Mulago mpya ilipofunguliwa, ripoti ya serikali ya Uingereza ilipendekeza kasualti zipangwe upya ziwe idara za ajali na dharura, na mwaka 1967 madaktari wa idara hizo wakaunda chama chao. Kule Marekani, James Mills na wenzake watatu waliacha kliniki zao mwaka 1961 katika mji wa Alexandria, Virginia, ili wafanye kazi ya chumba cha dharura tu, kwa zamu. Mafunzo ya kwanza ya ubingwa huo yalianza Cincinnati mwaka 1970, na mwaka 1979 ukatambuliwa rasmi. Kwa hiyo tulirithi nyumba ambayo mwenye nyumba mwenyewe alikuwa anahama.

Magendo

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali. Mwezi Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Vitabu vya historia husimulia zaidi habari za maduka na viwanda vilivyoachwa, lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo madaktari, wafamasia na wahadhiri. Waingereza nao waliondoka kwa wingi mwaka huo na miaka iliyofuata. Waafrika waliobaki hawakuwa salama: Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alikamatwa Oktoba 1972 na hakuonekana tena. Msomi aliyeona mkuu wake akipotea mchana kweupe alielewa ujumbe. Waliovuka mpaka kwenda Kenya, Zambia, Uingereza na kwingineko walikuwa hasa wale wenye ujuzi unaouzika popote, na daktari ni wa kwanza katika orodha hiyo.

Mfano mmoja unaonyesha hali ilivyokuwa. Kitengo cha upasuaji wa ubongo Mulago kilianzishwa mwaka 1969 na Ian Bailey. Mwaka 1971 kilichukuliwa na Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza kubobea katika upasuaji huo. Basi tufikirie: nchi nzima, kila aliyepasuka kichwa, matumaini yake yalielekea kwa kitengo kimoja na watu wanaohesabika kwa vidole. Ninaposema pengo lilizibwa kwa mwili wa mtu, ndicho ninachomaanisha.

Neno lililobaki kutoka zama hizo ni magendo. Bidhaa zilipoadimika na shilingi ilipopoteza thamani, biashara ya kweli ilikuwa ile ya kificho. Mshahara wa serikali haukumfikisha mtu hata nusu ya mwezi. Daktari aliyebaki nchini alilazimika kulima, kufuga kuku, au kufungua kliniki ndogo nyumbani. Jambo hili halikuisha na Amin. Desturi ya daktari wa serikali kuwa na kliniki yake ya jioni, ambayo leo tunailaumu kwa haki, iliota mizizi katika miaka ambayo bila kliniki hiyo daktari na watoto wake wasingekula. Kwa njia hii magendo yaliingia hospitalini: si dawa tu zilizouzwa kwa mlango wa nyuma, bali hata saa za daktari ziligawanywa, nusu kwa taifa, nusu kwa tumbo.

Panda gari

Majeshi ya Tanzania na ya wapinzani wa Amin waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Wengi walitarajia madaktari warudi, na baadhi yao walirudi. Lakini muongo uliofuata ulikuwa wa vita pia. Katika miaka ya utawala wa pili wa Obote, wanajeshi walizingira mitaa ya Kampala na kuwaamuru watu wapande malori, wapelekwe kuhojiwa. Misako hiyo ikaitwa panda gari. Wazee wetu wengi wanaichukia lugha ya Kiswahili kwa sababu ya maneno haya mawili, na sisi tunaoisoma leo chuoni lazima tulijue hilo bila kujitetea.

Kwa upande wa hospitali, zama hizi zilileta aina mpya ya mgonjwa wa usiku: mwenye jeraha la risasi. Jeraha la risasi halingoji kikosi cha Jumatatu. Linahitaji damu, mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji na bingwa, vyote kwa pamoja, tena saa hiyo. Kikikosekana kimoja, vingine vitatu vinasimama vikitazamana. Huu ni ukweli kuhusu kazi ya dharura ambao mimi sikuuelewa nilipoandika barua yangu. Nilidhani kungoja maana yake ni daktari kutokuwapo. Mara nyingi daktari yupo, ameshanawa mikono, anangoja chupa ya damu au anamngoja mtaalamu wa usingizi ambaye yuko chumba cha pili na mama mjamzito.

Vita vilipokwisha kusini mwa nchi mwaka 1986, hospitali ilikabidhiwa mzigo mwingine. Ukimwi, ambao wakati huo wengi waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu, ulijaza wodi. Serikali mpya, ikiwa na hazina tupu, ilikubali masharti ya wakopeshaji wa kimataifa. Watumishi wa umma, waliozidi 300,000 mwaka 1990, walipunguzwa hadi karibu nusu kufikia katikati ya muongo huo. Kuajiri kulibanwa. Wagonjwa walitozwa ada. Kwenye makaratasi ya hazina, hesabu ilianza kupendeza. Katika kasualti, muuguzi aliyestaafishwa hakupata mrithi, na kazi yake ikapanda ngazi hadi kwa daktari kijana, kutoka kwa daktari kijana hadi kwa bingwa. Mzigo wa hospitali hupanda kama maji ya mafuriko: ngazi ya chini ikizama, anayesimama juu ndiye anayeloa.

Boda boda

Neno la tatu ndilo linalonigusa zaidi. Boda boda ilianza miaka ya 1960 mpakani Busia, ambapo vijana wenye baiskeli waliwavusha abiria na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Katika miaka ya 1990 pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli, na mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimeenea nchi nzima. Vijana waliokosa ajira kwa sababu serikali ilipunguza watumishi walipata ajira barabarani. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alimaliza shule akiwa na cheti kizuri na hakuna aliyemwita kazini.

Daktari wa upasuaji Olive Kobusingye na wenzake walianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kuandikisha majeruhi waliofika hospitalini, jambo ambalo halikuwa likifanywa kwa utaratibu. Rejista zao zilionyesha kwamba katika mji wa Kampala chanzo kikubwa cha majeraha kilikuwa barabara. Walibuni pia kipimo kinachojulikana duniani kwa jina la Kampala. Kinatumia mambo matano tu: umri, idadi ya majeraha makubwa, shinikizo la damu, kasi ya kupumua na hali ya fahamu. Hakihitaji mashine ya gharama. Muuguzi akiwa na saa ya mkononi na kipimo cha shinikizo la damu anaweza kusema nani aingie kwanza. Ninakitaja kipimo hiki kwa sababu mbili. Mosi, ni ushahidi kwamba Waganda hawakuketi wakilia tu. Pili, kinaonyesha namna mojawapo ya kumpunguzia bingwa mzigo: kuwapanga wagonjwa mlangoni, ili wa kidole kilichoteguka asisimame mbele ya wa damu kichwani.

Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, wakati watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kampala katika mkahawa mmoja wa Kabalagala na katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Watu zaidi ya 70 walikufa na wengi walijeruhiwa. Usiku ule taifa zima lilitazama kasualti. Madaktari walisifiwa, nao walistahili. Lakini kwa mtu anayefanya kazi humo, usiku ule ulitofautiana na nyingine kwa wingi wa majeruhi kwa saa moja na kwa kamera zilizokuwa nje. Ajali za barabarani huleta majeruhi wao mmoja mmoja, wawili wawili, kila usiku, bila kamera.

Mlango wa juu na milango ya chini

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini majeruhi wote waende hospitali kubwa? Hili nalo lina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipanga vituo vya afya kwa ngazi, na kituo cha ngazi ya nne kilikusudiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji karibu na wananchi. Mpango ulikuwa mzuri. Vyumba vingi vya upasuaji vilijengwa, lakini vingi vilikaa miaka bila kutumika: hapa daktari hayupo, pale umeme haupo, kwingine hakuna mtaalamu wa usingizi.

Mwezi Machi 2001 ada za wagonjwa ziliondolewa katika vituo vya serikali. Uamuzi huo uliwafaa maskini, na mimi nisingependa urudishwe nyuma. Mama yangu asingeweza kulipa. Wagonjwa waliongezeka ghafla na kwa wingi. Mwaka huo huo wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya, ahadi ambayo Uganda haijaitimiza. Mlango ulifunguliwa wazi, lakini aliyesimama nyuma yake aliachwa na mikono miwili ile ile.

Mwezi Novemba 2017 madaktari wa serikali waligoma nchi nzima kupitia chama chao cha kitaaluma, wakidai mishahara na vifaa. Wananchi wengi waliwaona wasaliti. Nakumbuka tulivyobishana shuleni. Mimi nilikuwa upande wa kuwalaani. Mwaka mmoja baadaye kaka yangu alifika mikononi mwao.

Wakati huo huo, majirani zetu walikuwa wameanza njia nyingine. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura, na mwaka huo huo chuo kikuu chake cha afya kikaanza kufundisha ubingwa wa tiba ya dharura. Maana yake ni kwamba mlangoni pakawa na mwenyewe: daktari aliyesomea kazi ya mlango, anayefanya kazi kwa zamu kisha anakwenda nyumbani. Daktari wa upasuaji akiitwa, anakuta mgonjwa ameshapimwa, njia ya hewa iko wazi, damu imeombwa. Uganda ilianza mafunzo ya namna hiyo katika chuo kikuu cha Mbarara mwaka 2017, na Makerere ikafuata. Kabla ya hapo, katika hospitali ya misheni ya Nyakibale, wilayani Rukungiri, wauguzi walikwisha kufundishwa kuhudumia wagonjwa wa dharura wakisimamiwa na madaktari, kwa sababu kumsubiri bingwa kulikuwa ni kuusubiri mvua kiangazi. Hizi ni hatua changa. Kutoka Alexandria mwaka 1961 hadi Mbarara mwaka 2017 ni miaka 56. Kwa miaka hiyo yote, pengo hilo lilizibwa na watu, zamu baada ya zamu.

Je, madaktari hawana lawama?

Mhadhiri wangu aliposoma rasimu ya insha hii aliniuliza kama sijageuka kuwa wakili wa madaktari. Ni swali la haki. Wapo mabingwa wanaosaini asubuhi na kuondoka saa nne kwenda kwenye kliniki zao. Wapo wanaodai fedha mlangoni. Historia ya magendo inaeleza desturi hiyo ilikotoka, lakini kueleza si kusamehe. Aliyeanza kwa njaa mwaka 1975 ana hoja. Anayeendelea leo kwa tamaa hana.

Hata hivyo, hoja hii ina upande wa pili. Bingwa anapotoroka, mzigo wake hautoroki naye. Unamwangukia mwenzake aliyebaki, yule asiyetoroka. Kwa hiyo usiku, mtu utakayemkuta hospitalini ni mwaminifu, na yeye ndiye atakayepokea hasira yako yote, kwa kuwa ndiye pekee unayemwona. Aliyetoroka hana sura kwako. Waliopunguza watumishi hawana sura. Walioahidi asilimia 15 hawana sura. Mwenye sura ni yule aliyevaa nguo za kijani zenye damu.

Hitimisho

Sasa nirudi kwenye sentensi yangu. "Tulimkuta daktari amelala kwenye benchi." Nimesema ilikuwa kweli. Lakini ukweli una mpangilio wake, na katika somo la historia mpangilio wa matukio ndio nusu ya kazi. Mambo yalikwenda hivi. Alasiri ya siku ile basi dogo lilipinduka, na daktari yule aliingia chumba cha upasuaji kabla ya magharibi. Saa mbili usiku kaka yangu alifika. Saa tisa usiku aliingizwa. Karibu saa kumi na mbili alfajiri daktari alitoka, akamwambia mama kwamba mtoto wake anapumua vizuri, na kwamba mkono ndio anaouhofia. Akaketi kwenye benchi ya korido. Mhudumu mmoja alimletea soda. Nusu saa baadaye nilipita pale, soda iko mkononi, haijafunguliwa, naye amelala akiwa ameketi. Saa mbili asubuhi nilimwona tena, anaingia wodini na wanafunzi nyuma yake.

Katika barua niliandika kwamba tulifika saa mbili, kwamba tulingoja saa saba, na kwamba tulimkuta amelala. Sikusema alilala lini. Msomaji yeyote angeelewa kwamba alilala wakati kaka akivuja damu. Sikudanganya neno hata moja, lakini barua yote ilikuwa uongo. Nilikuwa na miaka 16, nilikuwa na uchungu, na nilitaka mwenye kosa awe mtu ninayeweza kumwonyesha kwa kidole.

Mwaka uliofuata mama alipompeleka kaka kwa mazoezi ya mkono, muuguzi alimwambia daktari yule amepata kazi nje ya nchi. Sisemi barua yangu ndiyo iliyomfukuza. Huenda haikusomwa na mtu. Lakini najua kwamba katika orodha ndefu ya sababu zinazomfanya daktari kuondoka Uganda, orodha inayoanzia mwaka 1972, mimi nami niliongeza mstari wangu.

Kama ningeandika barua ile leo, ningeiandika tena, kwa kuwa kaka yangu alidhulumiwa na mkono wake ni ushahidi. Saa saba ni nyingi mno kwa mtu mwenye damu kichwani. Ila anwani ingebadilika. Ningeuliza ni nani aliyepanga bingwa mmoja kwa usiku mzima, kwa nini chumba cha upasuaji kilichofanya kazi kilikuwa kimoja, kituo cha ngazi ya nne tulichokipita njiani kilikuwa na nini ndani, na bajeti ya afya mwaka ule ilikuwa asilimia ngapi. Na katika aya ya mwisho ningemshukuru mtu mmoja kwa kuwa alikuwapo.

Kaka ameshaisoma insha hii. Amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza amenisahihisha: soda ilikuwa Mirinda, na yeye ndiye aliyeinywa siku ya tatu.